Makofi ya Huruma

Mwanangu alikuwa akihesabu ndizi anairuka nne. Moja, mbili, tatu, tano. Akimaliza anajipigia makofi, ananitazama akingoja na mimi nipige.

"Nne iko wapi?"

"Mwalimu kasema vizuri!"

Hospitali walishaniambia, tangu akiwa kichanga, kwamba ana sindromu ya Down, ataelewa ila polepole. Sawa, polepole. Sisi wa Bigwa, mlima tunaupanda polepole na juu tunafika. Ila mimi nauza ndizi, na nataka siku nikifa auze mwenyewe, asikae kwa ndugu kungoja kulishwa. Hilo lilikuwa linaninyima raha.

Kulipokucha nikaenda naye hadi darasani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Huyu akisema tatu, tano, unamwambiaje?"

Binti mdogo yule, mpole kweli. "Namwambia vizuri, wenzake wanampigia makofi. Sitaki kumvunja moyo, mama. Mtoto mwenyewe ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo vipi? Wenzake wakikosea?"

"Wanarudia."

"Basi na yeye arudie! Makofi hata harusini yapo, jamani. Hapa nimemleta asome."

"Atalia."

"Alie. Kumbembeleza kazi yangu. Wewe mfundishe."

Nikatua tenga langu nje, nikasimama dirishani. Zamu yake ikafika. Tatu, tano.

"Umekosea. Rudia."

Akawageukia wenzake, hakuna aliyepiga makofi. Mdomo ukaanza kumcheza, machozi hayo. Wallahi nilitaka kuingia nimchukue twende zetu! Nikang'ang'ania nondo za dirisha. Siku hiyo hakuisema. Kesho yake alikataa hata kusimama, na nyumbani akaninunia mimi, akala kanipa mgongo. Nilijiuliza kama si mimi ninayemtesa. Asubuhi nikamvalisha sare, tukaenda tena.

Wiki iliyofuata nilipita pale nikielekea sokoni. Alikuwa amesimama, mwalimu kainama mbele yake, anamwinulia vidole kimoja kimoja.

"Moja. Mbili. Tatu."

Akanyamaza. Mwalimu hakumsaidia.

"Nne," akasema. "Tano."

Watoto wakainua mikono wapige makofi. Mwalimu akawakatiza, akamwambia mwanangu kama anavyowaambia wote:

"Kaa. Mwingine."

Akakaa. Mtoto aliyefuata akasimama kuhesabu, na mimi pale dirishani nikaangua kilio.