Nyumba Iliyotoka Jasho

Phyllis Cherotich alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu: ukimwambia jambo haliwezekani, anakuuliza ni nani aliyejaribu. Aliwauliza wazee wa kanisa, aliwauliza walimu katika mkutano wa wazazi, na mumewe Gibson alikuwa ameulizwa kwa miaka kumi na tisa ya ndoa. Gibson alikuwa karani wa kupima majani ya chai kwenye kituo cha kijiji chao, ng'ambo ya Longisa. Hakuwa mpole, ila alikuwa mvumilivu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Mwaka wa 1995 walihamia nyumba mpya. Ilikuwa nyumba ya maana, yenye mabati yanayong'aa na dari iliyopakwa rangi nyeupe, ya kwanza kwenye mlima ule. Fundi Zacheus, Mkikuyu wa pale sokoni, aliacha uwazi wa upana wa kiganja kati ya ukuta na mabati pande zote. Gibson alipouona akakasirika.

"Fundi, hii ni nini? Baridi ya Julai utakuja kuitoa wewe?"

"Mzee, nyumba ikifungwa sana haipumui."

"Nyumba si ng'ombe," Gibson akasema, na uwazi ukazibwa, nyuma kwa mbao na mbele kwa simiti, popo asipate hata pa kuingiza ukucha.

Phyllis naye akafanya kosa lake, maana katika jambo hili hakuna aliyetoka msafi. Katika nyumba za zamani za nyasi, kila mama wa Kipsigis alikuwa na tabut, ghala lake la juu, ambamo mahindi yalikaushwa na moshi wa jiko lililokuwa chini. Alipoiona dari mpya, moyo ulimwambia hii ndiyo tabut yake. Akapandisha magunia ya mahindi, akayapanga hadi karibu yaguse mabati. Chini hapakuwa na jiko wala moshi, na juu hapakuwa na upepo, lakini wakati wa mavuno nani hufikiria hayo?

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, mvua ikaanza kunyesha ndani. Kila kulipopambazuka na baridi, matone yalidondoka kutoka darini, yakalowesha vitanda, meza na Biblia. Gibson akasema ni misumari inayovuja, akapanda juu na kopo la lami, akapaka kila msumari. Matone yakaendelea. Akabadilisha mabati mawili, yakaendelea, hata wiki ambayo mbingu haikutoa tone. Dari nyeupe ikaota madoa meusi, na chumba cha Edinah, kitinda mimba wao wa miaka minane, kikanuka kama gunia lililosahaulika mtoni.

Madoa wangeyazoea, lakini kifua cha Edinah hakikuzoeleka. Mtoto alikohoa hadi akawa analala ameketi, mbavu zikionekana kila alipovuta pumzi. Hospitalini Longisa daktari aliuliza analala wapi, kisha akasema waziwazi: nyumba ikauke, ama mtoto ahamishwe mahali pakavu. Gibson alichagua njia fupi. Mama yake aliishi Chebunyo, kwenye jua na ng'ombe. Edinah angeenda kuishi kwa huyo kogo wake, yaani nyanya, na kusoma huko. Kogo angekuja kumchukua mwezi wa Agosti kabla shule hazijafunguliwa.

Phyllis alikuwa amezaa watoto watano na kuzika wawili. Hakuwa tayari kumtoa mwingine mikononi mwake akiwa hai.

"Nyumba itakauka," akasema.

"Mimi nimejaribu, Mama Edinah. Haiwezekani."

Kwa mara ya kwanza swali lake lilikuwa limejibiwa kabla hajaliuliza, na jambo hilo lilimuudhi kuliko baridi. Asubuhi iliyofuata, mwanga ulipoanza tu, alichukua tochi na ngazi akapanda darini kupitia kile kimlango kidogo cha ukumbini. Alimulika juu. Mabati yote yalikuwa yamejaa matone upande wa ndani, si kwenye misumari peke yake. Aliyashika magunia ya mahindi, yalikuwa na unyevu na joto. Alishuka akiwa amejua kwamba maji hayatoki nje, lakini hakujua yanatoka wapi.

Jibu alilipata kwenye foleni ya chai. Jirani aliyekuwa mbele yake aliweka kikapu mezani, Gibson akatia mkono hadi kiwiko, akautoa.

"Umeshindilia," akasema. "Majani hayana hewa, yametoka jasho. Rudi nayo."

Phyllis alisimama pale hadi waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Jioni, Gibson alipokuwa anakula, alimuuliza mbona alikataa majani ya watu.

"Yalifungwa bila hewa. Joto lake lenyewe linayalowesha."

"Sisi tunalala ndani tukipumua, tunachemsha chai, na huko juu tumeshindilia mahindi ambayo hayajakauka. Hilo joto linapata wapi pa kutokea, Baba Edinah?"

Gibson aliacha tonge mkononi. Alielewa, uso wake ulionyesha, lakini kuelewa ni kitu kimoja na kukubali ni kingine. "Nifungulie mtoto wa kifua upepo wa Agosti? Watu watasema nimemuua." Akanawa mikono, mazungumzo yakaisha.

Phyllis akamwendea Zacheus. Fundi alimsikiliza, akakubali kila neno, kisha akakuna kichwa. "Lakini mama, siwezi kubomoa nyumba ya mzee kama mzee hajasema." Hata hivyo alimpa nyundo, patasi na kipande cha waya ya kuku cha kuzuia popo. Akamwonyesha pia rundo la maganda ya randa ambayo yeye huyachoma bure. "Tia kwa gunia, utandaze juu ya mbao za dari kama blanketi. Hiyo itashika joto la chumba. Upepo nao upite juu yake. Usichanganye hizo kazi mbili."

Kogo alifika Alhamisi. Kesho yake, Gibson alipoenda kituoni, Phyllis aliyashusha mahindi yote. Yalikuwa yameota ukungu wa kijani, akayafukia yote shimoni, hata ng'ombe hakuwapa. Kisha akapanda na nyundo na kuanza kuzing'oa mbao za Gibson kutoka ndani.

Kelele zilimleta Hezekiah, kaka mkubwa wa Gibson. Akasimama uani akiwa amefura. Mwanamke kupanda juu ya nyumba mumewe akiwa hai, akasema, ni kumchimbia kaburi. Akatuma watu wamwite Gibson, naye akaja mbio, akashika ngazi.

Kogo alikuwa ukumbini akichambua maharagwe. "Gibson, unaenda wapi?"

"Kumtoa huko juu, Mama."

"Yuko juu ya mabati ama chini yake?"

"Chini yake."

"Basi huyo yuko kwa tabut yake. Baba yako aliishi na mimi miaka arobaini, hakuingiza hata kichwa kwa tabut yangu. Wewe hii tabia umetoa wapi?"

Gibson alibaki na mguu mmoja kwenye ngazi, kisha akaushusha. Hezekiah akakumbuka kwamba ana ng'ombe hajanyweshwa. Huko juu nyundo haikuwa imenyamaza hata kidogo.

"Cherotich," Kogo akaita, "nakupa siku kumi. Nitalala na mtoto. Nikiona maji, naondoka naye."

"Sawa, Mama," sauti ikajibu kutoka darini.

Simiti ya mbele ilimshinda, lakini upande wa nyuma, wa vyumba vya kulala, ulifunguka wote. Akaukinga kwa waya ya kuku, kisha akatandaza magunia ya maganda juu ya dari. Siku ya tatu matone yakaanguka tena juu ya kitanda cha Edinah, na Phyllis akaogopa kweli. Akapanda, akakuta gunia moja la maganda limesukumwa hadi likaziba uwazi. Akalivuta nyuma, akakagua mengine yote akitambaa kwa magoti. Tangu hapo hakukudondoka kitu. Usiku wa saba Edinah alilala chali kama watu wengine, na Kogo hakulala, akisikiliza.

Siku ya kumi Kogo alifunga mzigo wake. Gibson akatoka na sanduku la Edinah, kwa sababu alikuwa ameshazungumza na mwalimu wa kule, na yeye neno lake halirudi nyuma.

"Hilo ni la nani?" Kogo akauliza.

"La mtoto."

"Mimi niliitwa kuchukua mgonjwa. Huyu aliyemaliza uji wangu simjui."

Phyllis alilichukua sanduku mkononi mwa mumewe, akaingia chumbani, akaanza kuzirudisha nguo moja moja, akilia bila kujificha. Gibson akamfuata hadi mlangoni. Akatazama dari.

"Mama Edinah," akasema, "ile simiti ya mbele, mtu akiwa nje ataanzia wapi kuivunja?"