Senti Kumi ya Kiunoni Mwako

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka damu inachemka mpaka leo. Tulitoka Kihesa, hapa Iringa, pamoja na mama mkwe, kwenda Mbeya kumsalimu baba mdogo wa baba yako. Nilikubeba mgongoni, na kiunoni ulivaa uzi wenye senti kumi ya tundu, aliyokufunga bibi yangu wa Tosamaganga. Kwetu kitukuu wa kwanza hufungwa senti na bibi, na mwingine haruhusiwi kuifungua.

Mzee huyo alikuwa mkusanyaji wa sarafu, na ukoo mzima ulimwogopa. Alipokupakata akaiona. Akachukua lenzi, akatazama, akatazama tena.

"Mkwe, hii mbovu," akasema. "Mashine ilitetema, herufi zimekanyagana. Nitamfungia nyingine inayong'aa."

Akashika mkasi.

Mama mkwe akanikonyeza ninyamaze. Mke wa mtoto hambishii mzee, najua. Lakini baba yangu naye alikuwa na kopo lake la sarafu, na alinifundisha kuzitazama kabla sijajua kusonga ugali.

"Naomba lenzi, baba," nikasema.

Sikiliza, mwanangu. Mashine ikitetema, herufi hukwanguliwa. Pembeni hubaki kingazi bapa, kama kipandio kidogo cha ngazi, na herufi yenyewe hukonda. Lakini kile chuma cha kuchapia kikitiwa maandishi mara mbili, na mara ya pili yakasogea kidogo, basi sarafu hutoka na herufi pacha. Zote mbili zimeinuka, zote nono, na miguuni zimegawanyika kama kwato za mbuzi. Hizo ndizo wakusanyaji wanazozitafuta.

"Hapa naona kwato, baba, sioni kingazi. Na chuma kimoja huchapa sarafu nyingi, zote na kosa lilelile, herufi zilezile. Wewe huna mwenzake?"

Mama mkwe akapasuka kicheko.

"Shemeji! Si ile uliyoifunga kwenye pamba, unayoturingishia kila Krismasi? Ilete basi tuone ubovu wake!"

Mzee akaileta, shingo upande. Tukaziweka pamoja chini ya lenzi: kwato kwa kwato. Akaurudisha mkasi mezani mwenyewe.

"Huyu mmemtoa wapi?" akanung'unika.

"Kwa watu wanaotazama," mama mkwe akajibu, kifua mbele kana kwamba amenizaa yeye. Tukarudi Iringa na senti yako kiunoni.

Mimi si mzee, mwanangu, meno yangu yote yapo. Ila hili nakuambia bila kupaka asali: mtu akikiita chako kibovu huku mkono wake unakitaka, usikiachie. Omba lenzi kwa adabu, utazame mwenyewe, kisha useme ulichokiona, hata kama wakubwa wamekunja uso.

Mungu akupe macho yasiyo na haraka na sauti isiyotetemeka. Popote utakapoingia, watu na waulize umetoka kwa nani, nawe ujibu ukiwa umeinua kichwa.