Ndege Niliyoipaka Nyekundu Pande Zote

Mimi kazi yangu ni vitanda. Vitanda, meza, makabati, na jeneza kama mtu amekwama. Banda langu liko kando ya barabara ya Namanga hapa Kitengela na hakuna mtu alinipatia. Nilianza na msumeno wa kuazima. Shule niliiacha kabla hesabu haijakuwa ngumu. Nasema mapema ili mtu asipoteze wakati kunitafutia makosa ya kuandika. Kuna kitu kingine nataka kusema, na hicho chenyewe bado sijakielewa.

Msichana wangu aliolewa na kijana wa Kikamba. Baba ya huyo kijana anaishi Isinya, anafuga kuku. Kabla ya kuku alikuwa fundi wa ndege, zile za kweli zenye kubeba watu, huko Nairobi, mpaka akastaafu. Kwetu sisi Wagikuyu na kwao, mtu kama huyo jina lake ni moja: muthoni, yaani mkwe, na mimi kwake ni muthoni vilevile. Muthoni humwiti kwa jina. Humwambii chakula chake hakina chumvi. Hukai mbele yake ukinyoosha miguu kama uko kwa baa. Akikuomba kitu unaitikia kwanza, halafu unaenda nyumbani kufikiria ni nini umeitikia.

Basi siku moja muthoni akaja kwa banda langu na katoni mbili na karatasi ndefu imekunjwa kama mkeka. Nikamwekea kiti. Bibi yangu akaleta chai. Mikono ya muthoni ilikuwa imeanza kutetemeka, na chai ilipomwagika kwa suruali sisi wote tukaangalia barabara, kana kwamba kuna lori tunalijua limepita.

Kwa katoni moja kulikuwa na mbao. Nikaishika nikafikiri ananifanyia mzaha. Mbao gani hii, ukiibonyeza na kucha inabonyea, ukiipuliza inaondoka kwa meza? Katoni ya pili ilikuwa na injini ndogo, ingetosha kwa kikombe, imepakwa mafuta na kufungwa kwa kitambaa.

"Ni ndege ya rimoti," akasema. "Si hizi za siku hizi za plastiki. Hii ni ya zamani, ya michezo ya hewani. Nilipokuwa kijana kazini niliona watu wakizirusha. Nikanunua ramani, nikanunua mbao, nikasema nitaijenga nikipata nafasi."

"Na nafasi imepatikana."

"Imepatikana, lakini mikono imeenda." Akaiweka chini ya meza, hiyo mikono. "Muthoni, wewe niko na imani na wewe. Nijengee. Nataka kuirusha mara moja tu, mimi mwenyewe, ipite mbele yangu miguu ikiwa juu na tumbo likiangalia mbingu. Nikipata hiyo, hata mikono ikiisha kabisa sitasema kitu."

"Miguu juu," nikasema.

"Ndiyo."

Nilitaka kumuuliza kwa nini mtu mzima mwenye kuku na wajukuu atake kitu kiende kimepinduka. Nikaitikia.

Ile ramani sikuweza kusoma maneno yake ya Kiingereza, lakini mchoro ni mchoro. Jioni nikifunga banda nabaki nayo. Yeye alikuja wakati mwingine akakaa, akaniambia hii inashika ile, hii usiweke gundi mingi. Nilipofika kwa mabawa nikaona kitu cha ajabu. Juu yamebinuka, na chini yamebinuka vilevile. Nikafikiri nimekosea ramani.

"Hapana, ni hivyo," akasema. "Zile za kubeba watu huwa bawa lake chini limenyooka kidogo. Hili ni sawa pande zote, ndio hewa isijue juu ni wapi. Ikipinduka inaendelea tu."

Akacheka peke yake. Mimi nilibaki na hilo neno usiku mzima, hewa isijue juu ni wapi. Mtu anatengeneza kitu ili kisijulikane juu yake ni wapi? Kitanda kama hicho nani atalala?

Hata magurudumu yalikuwa na mambo yake. Ukibonyeza swichi kwa rimoti, miguu inajikunja na kuingia ndani, na tumbo linabaki laini kama yai.

Rangi aliniachia mimi. Hapo sasa nilijua niko nyumbani. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na neno moja: meza ipindue ndio ujue fundi. Watu wengi wanapiga vanishi juu, chini wanaacha mbao ikilia. Mimi sijawahi. Nikaipaka hiyo ndege nyekundu moja nzito, juu na chini, bawa na mkia, nikapiga msasa laini, nikapaka tena, mpaka ukiangalia kwa tumbo unaona meno yako. Tumbo na mgongo hungeweza kutofautisha. Nilijivuna sana.

Nikampelekea Isinya kwa pikapu, nimeifunika na shuka. Akaizunguka. Akainama akaangalia chini ya bawa, akakaa hapo muda mrefu. Bibi yake alimwangalia. Yeye akawaangalia kuku.

"Muthoni," akasema, "hii ni kazi."

Ni hilo tu. Nikarudi Kitengela nimefurahi, lakini pale karibu na mashamba ya maua nikaanza kujiuliza kwa nini alikuwa anaangalia kuku.

Tulienda kuirusha asubuhi, kabla upepo haujaamka, kwa uwanda wa mzee mmoja wa Kimaasai upande wa kuelekea Kajiado. Karatasi za ruhusa muthoni alikuwa amezifuata mwenyewe. Mwenye shamba akaja na fimbo yake, akaacha mbuzi mbali.

"Sopa."

"Epa," tukaitika.

Akaangalia ndege. "Hiyo inabeba nini?"

"Haibebi kitu," muthoni akasema.

"Inaenda wapi?"

"Inarudi hapahapa."

"Sasa inatoka kufanya nini?"

Nikamgeukia muthoni anipatie jibu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalitaka. Yeye alikuwa anaweka mafuta, yale ya spiriti na mafuta ya mbarika. Injini ikashika. Ilikuwa na kelele kushinda mwili wake, mbuzi wakakimbia, na mwenye shamba akasema kwa Kimaasai kitu ambacho sikuomba kutafsiriwa.

Ikapanda. Mbao yangu iko juu. Miguu ikaingia ndani. Ikazunguka duara kubwa, ikajipindua mbele-nyuma ikachora kama pete, ikatokea chini nzima. Muthoni alikuwa ameibana rimoti kwa tumbo na mikono ilikuwa imetulia vile sikuwa nimeiona miaka.

"Sasa," akasema.

Akaileta kwetu. Akaizungusha ili ilale mgongo, na hapo ndipo mkono ukamruka. Ikajiviringisha, ikajiviringisha tena, sijui mara ngapi, ikatulia na kupita juu ya vichwa vyetu, jua likiwa machoni. Halafu ikawa inaenda, inaenda Kajiado, imetupa kisogo.

"Muthoni," akasema polepole. "Macho yako ni mazima. Tumbo liko wapi?"

Nikaangalia. "Naona nyekundu."

"Ya tumbo ama ya mgongo?"

"Muthoni, nyekundu ni moja."

Pezi la mkia lingetuambia, lakini pezi ukiliangalia kutoka nyuma ni kama wembe, hulioni.

"Ivute tu ipande," nikasema.

"Nikivuta na miguu iko juu, inaingia kwa udongo."

"Basi sukuma."

"Nikisukuma na iko sawa, inaingia kwa udongo."

"Na usipofanya kitu?"

"Itaenda mpaka rimoti isiifikie. Halafu iingie kwa udongo."

Mwenye shamba akakohoa. "Ni nyinyi wawili mliitengeneza?"

Kichwa changu kilikuwa kimejaa moshi. Niliwaza vitu vya upuzi, niliwaza hata kurudi kuchukua brashi. Ndege ilikuwa inakuwa ndogo, na muthoni alikuwa anaiangalia kama mtu anayeangalia basi lake likiondoka. Halafu nikawaza hivi: meza hata gizani najua imekaa vipi. Nashika miguu.

"Toa miguu," nikamwambia.

"Nini?"

"Magurudumu. Yatoe. Tuone yanatokea wapi."

Akaangalia ile swichi kwa kona ya rimoti. "Nikiachilia kidole, mkono utaruka tena."

Sijawahi kumgusa muthoni isipokuwa salamu. Nikamshika kifundo cha mkono na mkono wangu wa kushoto, nikanyoosha wa kulia nikabonyeza. Ule mtetemeko wake ukaingia kwa mkono wangu mpaka bega. Tukangoja.

Miguu ikatokea. Ikatokea juu, imesimama mbinguni.

"Hiyo imekufa," mwenye shamba akasema. "Kitu cha miguu juu kimekufa."

Muthoni akaizungusha, miguu ikaja chini. Akaivuta ikapanda, akaigeuza, akairudisha. Ilitua vizuri, halafu gurudumu likaingia kwa shimo la panya, pua ikapiga chini, propela ikavunjika na rangi yangu ikachunika. Hakuna aliyekimbia kuiangalia. Muthoni alikaa chini kwa nyasi na mimi nikakaa karibu naye, nimenyoosha miguu bila kufikiri.

"Ilipita ikiwa hivyo?" akauliza. "Juu yetu. Ilipita miguu juu?"

"Ilipita. Kutoka hapo hujaigusa."

"Lakini sikujua." Alikuwa anasugua magoti. "Nimengoja hiyo kitu maisha yangu yote, na imepita mimi nikitafuta tumbo. Nimeipata ama sijaipata?"

"Mtoto ukimbeba amelala hajui amebebwa. Lakini amefika."

"Mimi ndiye nilikuwa nabeba, muthoni."

Hata sasa nikipiga randa huwa natafuta jibu la hilo.

Baadaye, tukikusanya vipande vya propela, akaniambia bila kuniangalia, "Ndege hizi tumbo hupakwa rangi yake tofauti. Ndio uione."

Nikasimama. "Ulijua siku niliyoleta?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa umepiga msasa mpaka naona meno yangu. Wewe ni muthoni."

"Ingeanguka."

"Ningeiacha ianguke."

Nilikasirika njia yote mpaka Kitengela, na sikujua namkasirikia nani. Mtu ana nafasi moja, mikono yake inaisha, na anaitoa sadaka ili asiniambie nimekosea rangi. Hiyo ni heshima ama ni wazimu? Na mimi ningefanya nini? Ningeangalia kuku.

Hajairusha tena. Mikono sasa hata kijiko inakataa. Ndege aliniambia nikae nayo, imening'inia kwa banda langu juu ya makabati, na wateja wanauliza bei wakifikiri ni ya mapambo. Nikaitengeneza pua. Na tumbo nikalipaka jeupe. Usiniulize kwa nini, hakuna wa kuirusha.

Juzi muthoni na bibi yake walikuja kula kwetu. Nikampeleka kwa banda kwanza. Akainua kichwa akaiangalia, muda mrefu, vile alifanya siku ile. Nikangoja.

"Muthoni," akasema, "hiyo nyeupe ni mbaya."

"Mbaya namna gani?"

"Mbaya. Nyekundu ilikuwa nzuri. Rudisha."

Hakuna muthoni amewahi kuniongelesha hivyo. Nilikuwa bado natafuta kama nikasirike tulipoketi mezani. Akaonja mukimo ya bibi yangu, akatafuna, akaweka kijiko chini.

"Chumvi iko wapi?" akauliza.