Mama Anafanya Kazi "Hardly"

Wenzangu wakipita mahali wanakokaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu, humeza mate. Mimi nakunja uso. Ile harufu inanirudishia Doreen.

Mama alikuwa akikaanga mapanki sokoni Mkuyuni tangu asubuhi mpaka jua linazama, moshi ukimtoa machozi, mikono imejaa alama za mafuta ya moto. Nilikuwa darasa la sita, wa kwanza kwa Kiingereza, na mama alinitangaza kwa kila mteja. Halafu shirika alilofanyia kazi mjomba huko Dar likauzwa, mjomba akapunguzwa, akamleta binti yake Doreen akae nasi. Doreen alikuwa amesoma zile shule mpya za Kiingereza tupu. Basi! Mama akageuka.

"Doreen, hebu ongea kidogo wasikie."

"Sawa, shangazi," na Kiingereza kinamtoka kama amezaliwa nacho. Mimi nipo hapohapo, napuliza moto. Nilimwonea wivu mpaka chakula hakipiti.

Ndipo mwalimu akanichagua niseme maneno machache kwa Kiingereza siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi. Nikaona hapa mama atarudi kwangu. Nitamsifu yeye mwenyewe, tena kwa sarufi iliyonyooka. Mwalimu alishatufundisha: ukitaka kueleza kitendo kinavyofanyika, chukua kivumishi ukipe mkia wa "ly". Slow inakuwa slowly, quick inakuwa quickly. Kwa hiyo bidii ya mama nayo nikaipa mkia wake: "My mother works hardly."

Nikawa naifanyia mazoezi tukisugua masufuria. Doreen akanikatiza polepole. "Sema hard tu. Hiyo haitaki ly."

"Nani kakwambia haitaki? Wewe ndiye mwalimu?" Nilijua anataka kuninyang'anya na hili.

Siku ikafika. Nikaisema kwa sauti, mkia na yote. Walimu wawili wakaangua kicheko, wa Kiingereza akainamisha uso. Mama, ambaye Kiingereza chake kiliishia "good morning", akapiga vigelegele peke yake. Sikuelewa wanacheka nini. Nilitamani kulia.

Njiani mama akashika mkono. Wa nani? Wa Doreen! "Mwenzio kasema nini pale?"

Doreen akanitazama, nami nikamkazia macho. "Amesema mama yake anafanya kazi kwa bidii sana, shangazi. Hajaona mwingine kama wewe."

Mama akasimama palepale barabarani, akajifuta machozi kwa kanga, akanivuta akanikumbatia. Na mimi ndani nachemka: hata sifa zangu lazima zipitie mdomoni kwa Doreen, tena anaongeza zake!

Nilipofika kidato cha kwanza nikafungua kamusi. Yesu wangu! Hardly: kwa nadra, karibu na hakuna. Nilikuwa nimewatangazia wazazi wote kwamba mama yangu ni kama hafanyi kazi. Doreen alilijua hilo tangu kwenye masufuria. Mama alipomuuliza, alimpa nilichotaka kusema, akakimeza nilichosema.

Mama sasa ni mzee, na kila mgeni akija husimuliwa habari hii. "Siku ile Doreen aliponiambia maneno mazuri..." Namshukuru Doreen, namshukuru kweli. Lakini jamani, ile siku ilikuwa yangu!