Jina la Koko kwenye Ukurasa wa Mwisho

Jambo linaloonekana mapema kwa Naisiae ni kwamba hamtaji mtu mzima kwa jina. Mwenye nyumba wa shangazi yake pale Sekei ni Baba Gadiel, muuza mboga ni Mama Najat. Kwao Oldonyo Sambu, mtoto anayetamka jina la mkubwa wake ameshakosa adabu, na Naisiae, ingawa yuko kidato cha tatu mjini, hajaiacha adabu hiyo stendi.

Ndiyo iliyomponza kwenye mradi wa sayansi. Yeye na Zamda, rafiki yake wa darasani, walichunguza kwa nini maziwa ya kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa mti wa oloirien hukaa muda mrefu kuliko yale ya kwenye dumu. Mwalimu Ebenezer aliipenda kazi hiyo, akataka kuipeleka kwenye maonyesho ya mkoa kule Makumira. Alipofika ukurasa wa mwisho, penye vyanzo, akaweka kalamu chini.

“‘Koko, mazungumzo, Oldonyo Sambu.’ Koko ndiye nani?”

“Bibi yangu, mwalimu.”

“Hata mimi nina bibi. Vitabu umeviandika vizuri, mwandishi, mwaka, mchapishaji. Aliyekufundisha kufukiza kibuyu umemwacha bila jina. Majaji watadhani umemtunga. Lete jina Jumatatu, la sivyo siipeleki.”

Walipotoka nje, Zamda hakuona ugumu wowote. “Si uandike tu? Karatasi haina masikio.”

“Mkono si ni wangu? Na siku yenyewe tunasoma kila ukurasa mbele ya watu. Nimtaje bibi yangu kama namwagiza dukani?”

“Basi andika langu. Nitakuja na mkongojo, nikohoe kidogo.”

Naisiae alicheka, lakini Jumamosi akapanda gari kwenda nyumbani. Alimkuta bibi yake akisugua kibuyu kwa ndani kwa kijinga cha oloirien, moshi ukimtoka mikononi. Akainamisha kichwa, akaguswa utosini kwa salamu, kisha akaeleza maneno ya mwalimu.

“Mwalimu wako anaogopa nini?” bibi aliuliza.

“Kwamba watu watasema nimeyatunga.”

“Umeyatunga?”

“Hapana, Koko.”

Bibi aligeuza kibuyu, majivu yakamwagika.

“Nilipozaa mtoto wa kwanza nikawa mama wa fulani,” alisema. “Sasa ni koko wa kila mtu. Jina alilonipa baba yangu sijalisikia kinywani mwa mtu tangu wenzangu walipokufa. Liandike, nimekuruhusu. Ila wewe usilitamke. Mtafute asiye mjukuu wangu.”

Jumatatu mwalimu Ebenezer aliukuta ukurasa wa mwisho umekamilika: Nalepo Lerionka, mkulima na mfugaji, mahojiano, Oldonyo Sambu, na tarehe yake. Akauliza tu kwa nini wamepanga ukurasa huo usomwe na Zamda. Alipoelezwa, aliandika jina la Zamda pembeni, akatia sahihi.

Maonyesho ni Alhamisi. Koko ameshaomba kiti cha mbele kwenye gari la asubuhi na kuwaambia wake za wanawe wasimwekee chai. Anataka awe ameketi ukumbini kabla Zamda hajafika ukurasa wa mwisho.