Kamyo Iliyokataa Vitesi Kule Pepa

Symphorien alikuwa fundi wa magari asiyependa kuulizwa mara mbili. Akishatega sikio juu ya mashine na kusema neno lake, imekwisha. Na mji mzima wa Albertville kando ya ziwa, kuanzia bandarini hadi kambi ya reli, ulilipokea neno hilo bila kulipima. Ndiyo maana kiangazi cha 1964, waasi walipoushika mji, walimwita yeye.

Shofere mmoja, Cyrille, alikuwa ametumwa akiwa na kamyo, lori la mizigo, hadi Pepa, juu kwenye milima ya Marungu, akalete ng'ombe wa kulisha wapiganaji. Alirudi mikono mitupu. Alisema kila alfajiri kule vitesi, yaani gia, vilisaga meno na kukataa kuingia, naye hakuthubutu kuteremka ile milima na ng'ombe mgongoni mwa kamyo.

"Gari likiwa gonjwa, yeye anapona," mkubwa wa waasi alimwambia Symphorien. "Likiwa zima, basi njo yeye adui."

Jua lilikuwa la utosi. Symphorien alizima injini, akaingiza vitesi kimoja kimoja, vyote viliingia. Akawasha, akakanyaga ambrayaje, ile pedali ya mguu wa kushoto, akangoja kidogo, akaweka cha kurudi nyuma. Ambrayaje mbovu ingepiga kelele papo hapo. Kimya. Akaendesha hadi ziwani na kurudi, akishuka kutoka cha tatu hadi cha pili, mahali ambapo pete za kulinganisha mwendo wa vitesi, zikilika, hujifichua. Kimya vilevile. Mwisho akafungua kizibo cha bwati ya vitesi, ile nyumba ya chuma ya gia, akachovya kidole. Mawese yalijaa, mekundu, mepesi kama maji. Oili ya dukani ilikuwa haionekani tena tangu maghala yafungwe, na mafundi wote walijaza mawese badala yake, yeye akiwa wa kwanza. Hakuona la kutilia shaka.

"Bwati ni nzima," alisema.

Cyrille alikuwa amesimama kando, mikono imefungwa kamba. "Papa Symphorien," alisema, "na wewe ulikuwa kule?"

Waasi wakamwondoa.

Asubuhi iliyofuata Élisabeth, mke wa Cyrille, alifika mlangoni kwa fundi. Alikuwa mzaliwa wa Pepa. Hakupiga hodi.

"Papa, lile gari ulilijaribu saa ngapi?"

"Saa sita ya jua, Mama."

"Hapa kando ya ziwa."

"Sasa ningelijaribia wapi?"

"Kwetu, asubuhi na mapema, mawese tunaikata na kisu. Ukimutuma mutoto, anakuletea mu jani, haina haja ya chupa. Wewe unaitia mu vyuma, halafu unaenda kuiangalia mu jua. Uliza muke wako. Kila mwanamuke mwenye jiko anajua."

Bertille, mke wa Symphorien, alikuwa amesimama nyuma ya mumewe. Aliangalia chini.

Symphorien alikaa kwenye kizingiti. Mawese yakiganda kwa baridi, pete za vitesi huteleza badala ya kuuma, na meno hukutana yakiwa bado yanakimbizana. Gari likishatembea, chuma kikapata moto, mafuta yanayeyuka na kelele inakwisha. Ugonjwa unaojiponya kabla mganga hajafika. Siku ile aliugusa kwa kidole chake mwenyewe, na hakuujua.

Akaenda kwa mkubwa.

"Jana zima, leo gonjwa," mkubwa alisema. "Siku gani ulinidanganya?"

"Sikudanganya. Nilikosea. Nitume Pepa na Cyrille. Alfajiri likikubali vitesi, utuweke wote wawili kaburi moja."

Mkubwa alicheka. "Angalieni. Fundi anajipimia sanduku lake." Lakini nyama alikuwa anaitaka, akatoa mlinzi mwenye bunduki wa kuwasindikiza.

Cyrille aliletwa amebebwa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba hata kifundo hakionekani. Waliuvunja kwa vitako vya bunduki baada ya neno la fundi, wakitaka akiri. Symphorien ndiye aliyeshika usukani, njia nzima hadi juu.

Kulipopambazuka Pepa, majani yalikuwa meupe kwa baridi. Injini iliwaka kwa shida. Kitesi cha kwanza kiliingia kizito, kamyo ikajikokota mbele, na Symphorien akasukuma cha pili. Chuma kilisaga chuma. Akajaribu tena, kikasaga tena, kelele mbaya iliyopanda hadi kwenye kiwiko. Hakuna kelele aliyowahi kuiomba kama hiyo.

"Njo ile," alisema Cyrille.

Mlinzi alipuliza viganja vyake. "Basi. Nimesikia. Mutarudi kwenu."

Walisubiri jua, wakapakia ng'ombe, wakaanza kuteremka. Bwati ilikuwa imeshapata moto, na vitesi viliingia bila sauti. Cyrille alikuwa ameukumbatia mguu wake kwa mikono miwili, na kila Symphorien alipokanyaga ambrayaje kwa mguu wake wa kushoto, Cyrille aligeuza macho dirishani.