Kichuguu Kilichogeuka Ukuta

Hata mbuzi wa kituo cha treni hapa Kamina, ambao wameona kila aina ya uongo ukishuka na mizigo, hawataamini haya ninayotaka kusema. Msiamini, shauri yenu. Mimi Nkongolo sina haja ya kuongeza chumvi. Nilisoma mpaka mwaka wa tano wa shule ya msingi, na ningefika mbali kama mwalimu asingeona wivu. Naandikia barazani kwa dada yangu, Maman Clémentine, mwenye hadithi. Kila nikimaliza kipande namsomea kwa sauti. Yeye anachambua maharage na kujifanya hasikii.

Clémentine alikuwa na shamba la mihogo lililopakana na uwanja wa ndege wa mjini, na katikati ya shamba kulikuwa na kichuguu. Ninyi wa mbali mkisikia kichuguu mnafikiria kile kidude cha kukwaza kidole. Vya kwetu ni vilima. Hicho kilikuwa na miti yake juu, na mchwa wake walikuwa humo kabla Wabelgiji hawajaleta reli. Ukipanda juu yake unauona uwanja wote, kutoka nyasi za mwanzo hadi nyasi za mwisho.

Na watu walipanda. Mtu wa Kamina hasafiri hivi hivi kama gunia la makaa. Anasindikizwa. Mama yupo, shangazi yupo, jirani aliyegombana naye jana yupo. Na kusindikiza kwetu si kuaga ukageuka. Unasimama, unatazama, mpaka kile kinachombeba mtu wako kimekuwa kama inzi, kisha hakipo. Ukigeuza mgongo mapema, umemtupa. Kwenye gare, kituo chetu cha treni, hakuna shida: jukwaa liko wazi, anayebaki na anayekwenda wanakanyaga saruji moja. Marehemu shemeji yangu, mtu wa reli aliyezaliwa na mtu wa reli, alikuwa akisema kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambamo watu ni bantu, mimi ni minyi na ndiyo ni njo, "Gare iko baraza ya bantu bote. Njo maana haina mulango." Lakini uwanja wa ndege ulikuwa na kibanda cha mabati tu, cha abiria, na wasindikizaji walichomwa na jua nje bila kuona kitu. Kwa hiyo Clémentine alichonga ngazi kwa jembe kwenye kichuguu chake, akawaacha wapande bure.

Hakufanya kwa wema mtupu. Kifungua mimba wake, Jérémy, aliingia jeshini. Siku kikosi chake kilipoondoka kutoka kambi kubwa, ile tunayoiita Base, familia zilirudishwa kwenye kizuizi. Clémentine akarudi nyumbani, akatwanga muhogo, na ndege ikapita juu ya paa wakati ameinama. Hakuinua kichwa, alidhani ni nyingine. Jérémy hakurudi. Alisema mara moja tu, na mimi nilisikia: mtoto wa pili hataondoka bila macho yangu. Mtoto wa pili ni Hadassa.

Sasa mwingizeni Kazadi. Kazadi ni fundi wa kujenga, tena ni baba wa ubatizo wa Hadassa, parrain kama tunavyosema, mtu wa kuketi mezani kwa Clémentine bila kupiga hodi. Habari zilipofika kwamba uwanja utajengewa jumba la abiria, yeye ndiye aliyepewa ukuta wa upande wa mji. Na kila fundi wa Katanga anajua: tofali la udongo wa kichuguu likichomwa, ukiligonga linalia kama kengele. Akaja, kofia mkononi.

"Mama Hadassa, ninaomba kichuguu."

"Omba mihogo. Omba mbuzi. Kichuguu, hapana."

"Sikia kwanza. Mu ile plani, ukuta ya upande wa bantu iko mufupi. Simama." Akatoa uzi wa ufundi mfukoni, akampima kutoka ardhini mpaka kwenye kiwiko, akapiga fundo. "Inaishia hapa. Bamama bataegemea, bataona ndeke yote, na juu iko kivuli. Hata mvua inyeshe."

"Na viti?"

"Viti pande mbili, mama. Ya bale banaenda na ya bale banabaki."

"Unaapa?"

"Minyi niko parrain ya mutoto yako. Niape mara ngapi tena?"

Nilimwonya dada yangu. Haya, sikumwonya, mdomo wangu ulikuwa na kazi nyingine, kulikuwa na karanga.

Clémentine alilipenda lile jumba kabla halijajengwa. Aliwaona bibi wazee, waliokuwa wakisukumwa makalio kupanda kichuguu, sasa wameketi kivulini. Aliona nyumba inayojua kwamba kila safari ina watu wawili, yule anayekwenda na yule anayebaki. Akakubali.

Kichuguu kilikatwa kiangazi kizima. Mchwa walimwagika, kuku wa mtaa wakanenepa hata wakashindwa kukimbia. Tanuru likafuka moshi. Clémentine alileta kinu chake pale pale kwenye kazi, akawa anatwanga, anawapikia mafundi bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na Jumamosi samaki wa kukauka kutoka Kinkondja. Ukuta ulipofika kwenye kiwiko aliusogelea, akauegemea, akacheka peke yake. "Wafwako, Kazadi," akamshukuru kwa Kiluba, lugha anayoiweka kwa mambo ya moyoni.

Halafu akaenda Luena kwenye matanga ya shangazi yetu. Aliporudi, ukuta ulikuwa umempita kichwa, na bado ulikuwa unapanda.

"Kazadi, ni nini hii?"

"Ni injinia, mama. Alibadilisha plani. Injinia akisema, fundi atafanya nini?"

Aliamini. Nani asingeamini? Injinia ametoka Lubumbashi, ana miwani, hata kumsalimu tu unatafuta maneno.

Jumba likafunguliwa kwa nyimbo na utepe. Zuri, siwezi kukataa: vioo upande wa ndege, paa jekundu, viti vya chuma vinavyong'aa. Vyote ndani. Upande wa mji ni ukuta mtupu, kama mgongo wa mtu aliyekununia, na mlango mmoja. Wasindikizaji wakabaki juani walipokuwa zamani, ila sasa hata kichuguu hakipo. Unasikia ndege inaondoka na mtu wako, unatazama tofali.

Zamu ya Hadassa ikafika. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Kinshasa. Tukaenda naye ukoo mzima, mimi mbele na sanduku lenye uzito wa ndama. Mlangoni amesimama nani? Kazadi. Shati la kaki jipya, viatu vinameta, filimbi shingoni.

"Hadassa, mutoto yangu, pita. Mungu akuchunge." Akamwekea mkono kichwani kama parrain mwema. Hadassa akapita. Clémentine alipoinua mguu, mkono uleule ukashuka mbele yake kama kile kizuizi cha Base.

"Bila tiketi, hapana."

"Kazadi, ni minyi."

"Ninaona. Usinipatishe haya mbele ya bantu, mama."

Hapo ndipo macho ya Clémentine yaliposhuka kwenye filimbi. Ilikuwa inaning'inia kwa uzi wa ufundi, na kwenye uzi kulikuwa na fundo. Alilitambua, lile la kiwiko chake, kama mtu anavyotambua kovu lake mwenyewe. Hakupaza sauti. Mimi ningepaza, mji mzima unanijua.

"Injinia alisema nini, Kazadi? Sema ya kweli. Mutoto yako ya ubatizo iko ndani, anakusikia."

Kazadi akaangalia viatu vyake. "Plani ilikuwa sawa vile nilikuambia. Mufupi. Lakini ukuta mufupi haiombe mulinzi ya mulango, Mama Hadassa. Magoti yangu imekwisha, siwezi tena kupanda mbao. Niliambia bakubwa, bezi bataruka ukuta mufupi, baipandishe, baweke mulinzi. Banaandika minyi kazi."

"Weye njo uliambia bakubwa."

"Minyi njo niliambia."

"Na ile siku uliambia bakubwa, ulikuja tena kukula bukari yangu?"

"Nilikula."

Injini ikanguruma upande wa pili. Hadassa akaita "Maman!" mara moja, nyuma ya yale matofali ambayo zamani yalikuwa ngazi za mama yake. Clémentine akaenda kwenye kinu, kilikuwa bado chini ya ukuta, hakuna aliyekumbuka kukirudisha nyumbani. Akakipindua kichwa chini, akanigusa bega. "Nkongolo, shika."

Nikashika kwa mikono miwili, shavu langu limebanwa kwenye tofali. Akapanda. Kazadi akapuliza filimbi. "Mama, shuka! Inakatazwa!" Akapuliza tena. Watu wote wakamtazama Kazadi, hakuna aliyesogea. Clémentine hakushuka.

Na sasa fungueni masikio. Akanyoosha shingo, macho yake yakaupita ukuta, akamwona Hadassa wake anapanda ngazi za ndege, akaona kitambaa chake cha kichwa, akaona mpaka meno yake anavyocheka. Ndege ikakimbia, ikaruka, na rubani, aliyekuwa amesikia habari za yule mama wa kichuguu, akainamisha bawa la kushoto kumsalimia, akazunguka juu ya mji mzima, akarudi, akashuka karibu na ukuta hata tukamwona mtoto dirishani akipunga kitam—

"Nkongolo."

Maharage yamenyamaza kwenye ungo hapa barazani; dada yangu ameinua kichwa.

"Weye ulikuwa chini, uso mu ukuta. Ulionea wapi? Minyi niliona vumbi tu."